Kabla hujatuma namba ya mchango: jinsi ya kumsaidia mgonjwa aliyelemewa na bili

Siku hizi mtu akilazwa, kabla hata kitanda hakijapata shuka, kundi la WhatsApp limeshafunguliwa. Picha ya mgonjwa akiwa na dripu mkononi imewekwa, namba ya simu ya shemeji imebandikwa, na ahadi zimeanza kumiminika. Bili yenyewe hakuna aliyeiona. Wiki mbili baadaye kundi lina milioni moja, hospitali inadai milioni mbili na ushee, wachangaji wamechoka, na ndipo mtu anauliza: hivi ile kadi ya bima iliishia wapi? Ustawi wa jamii mlikwenda?

Mwongozo huu unageuza mpangilio huo. Bili isomwe na ipunguzwe kwanza, mchango uitishwe kwa kile kilichobaki. Laki moja iliyofutwa kwenye bili ni watu kumi wa elfu kumi ambao hamkulazimika kuwaomba. Tunazungumzia Tanzania Bara, zaidi hospitali za serikali. Za binafsi tutazitaja pale mambo yanapobadilika.

Watu watatu wanatosha

Kamati ya watu kumi huishia kuwa kundi la pili la WhatsApp. Chagueni watatu. Mmoja awe wa hospitali: ndugu anayeshinda wodini na kushika makaratasi yote. Wa pili mweka hazina. Wa tatu msemaji, anayejibu maswali kundini na kupiga simu kwa walioahidi.

Mweka hazina asiwe yule anayeuguza. Anayeuguza anatoa mfukoni kila saa, mara bodaboda, mara chai, mara glovu, na fedha hizo zikikaa simu moja na mchango, hesabu hazitafungana hata awe mwaminifu kiasi gani. Mpeni wa hospitali fungu lake dogo la kila siku, kwa mfano 15,000, na aliandike kwenye daftari.

Kabla ya yote, mgonjwa akubali. Kama hawezi kusema, mwenza au mzazi aseme kwa niaba yake. Wapo wasiotaka ugonjwa wao ujulikane kanisani au kazini, na wana haki hiyo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inaziweka taarifa za afya kwenye fungu la taarifa nyeti. Kwenye tangazo inatosha kuandika "amefanyiwa upasuaji". Cheti cha vipimo hakina kazi kundini.

Kadi ya bima: iulizeni maswali magumu siku ya kwanza

Kuwa na kadi na kuwa na bima ni mambo mawili. Wa hospitali aende dirisha la bima akaulize mambo haya, aandike majibu na jina la aliyemjibu:

- Kadi iko hai leo? Mwajiri asipopeleka makato, kadi huzimwa huku mfanyakazi akikatwa kila mwezi kama kawaida.
- Kifurushi chake kinagharamia huduma hii, na katika hospitali ya ngazi hii?
- Kipimo au upasuaji uliopangwa unahitaji kibali cha mfuko wa bima? Nani anakiomba, na kimeshaombwa?
- Dawa ambayo haipo kwenye duka la hospitali itachukuliwa wapi kwa kadi, na kwa fomu gani?

Swali la tatu na la nne ndiyo yanayomwaga fedha. Nesi anasema dawa hakuna, ndugu anakimbilia duka la nje na kununua taslimu, kumbe palikuwa na fomu ya kuichukulia kwenye duka lenye mkataba na mfuko. Fedha hiyo kuirudisha ni shida. Hali kadhalika, mgonjwa aliyefunguliwa faili kama wa kulipa taslimu, mara nyingi bima haimrudii nyuma kulipia siku zilizopita. Kama kadi imesahaulika nyumbani, semeni pale pale mapokezi kwamba ana bima, na mtoe namba ya uanachama.

Kama kadi imezimwa kwa sababu ya mwajiri, aliye karibu na ofisi yake aende kwa afisa utumishi siku hiyo hiyo, akiwa na hati za mshahara zinazoonyesha makato. Mwajiri aliyekata na hakupeleka ana deni kwa mfanyakazi huyo, na barua ya upole yenye nakala za hati hizo huzaa zaidi kuliko ugomvi wa simu.

Wenye CHF iliyoboreshwa, yaani kadi ya mfuko wa afya ya jamii, wanakwama mahali pengine: rufaa. Kadi hiyo hufuata ngazi, kuanzia zahanati au kituo cha afya kwenda juu. Mgonjwa akiruka moja kwa moja hadi hospitali kubwa bila karatasi ya rufaa, anahesabiwa kama asiye na kadi. Na hata akiwa na rufaa, kadi hiyo haivuki hospitali ya rufaa ya mkoa, kwa hiyo anayepelekwa Muhimbili, Bugando au KCMC ajiandae mapema.

Ustawi wa jamii, na mapema

Kila hospitali kubwa ya serikali ina ofisi ya ustawi wa jamii. Huko ndiko msamaha wa gharama unakoamuliwa, na huko ndiko familia nyingi huenda zikiwa zimechelewa: Ijumaa saa tisa alasiri, mgonjwa ameruhusiwa, bili imefungwa, afisa yuko njiani kwenda nyumbani. Nendeni siku ya pili au ya tatu ya kulazwa. Afisa akimjua mgonjwa tangu mwanzo, huduma nyingine zinaendelea huku maombi yakishughulikiwa.

Kuna milango miwili. Wa kwanza ni wa makundi yanayotambuliwa na sera ya afya: watoto wa chini ya miaka mitano, wajawazito, wazee wa miaka 60 na zaidi wasiojiweza, na wenye baadhi ya magonjwa kama kifua kikuu, ukoma na VVU. Wa pili ni wa mtu yeyote ambaye kweli hana uwezo, na huo hufunguliwa kwa ushahidi. Kaya iliyo kwenye mpango wa TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini, ipeleke uthibitisho wake. Ni kielelezo chenye nguvu kuliko maelezo marefu.

Karatasi ya msingi ni barua ya serikali ya mtaa au kijiji. Huandikwa na mtendaji, na huwa na muhuri. Barua nyingi hurudishwa kwa makosa madogo. Jina la kwenye barua ni Mama Rehema, la kwenye faili ni jina lake la kuzaliwa. Au barua inasema tu "naomba asaidiwe", bila kueleza lolote. Mwambieni mtendaji aandike majina yote matatu kama yalivyo kwenye faili la hospitali, namba ya faili, umri, anakoishi na tangu lini, anafanya kazi gani na inaingiza kiasi gani kwa siku au mwezi, ana wategemezi wangapi, na nyumba anayoishi ni yake au amepanga. Mistari sita. Chukueni nakala tatu, kwa sababu moja itapotea kwenye faili.

Afisa anaweza kufuta bili yote, kupunguza sehemu, au kukataa. Akikataa, ulizeni kwa adabu ni kielelezo gani kimepungua. Mara nyingi jibu ni karatasi moja tu. Hospitali binafsi hazilazimiki na utaratibu huu, ila baadhi ya hospitali za mashirika ya dini zina mfuko wao wa wasiojiweza, na muuguzi mkuu au mchungaji wa hospitali huwa anaujua.

Kuisoma bili mstari kwa mstari

Ombeni bili yenye mchanganuo. Msikubali karatasi yenye jumla tu. Iombeni kila siku ya tatu badala ya kungoja mwisho, maana kosa la jana linakumbukwa na nesi wa jana.

Tuchukue mfano wa mtu aliyevunjika paja. Namba hizi ni za kuonyesha hesabu tu. Kila hospitali ina bei zake.

Upasuaji 900,000. Chuma na skrubu 650,000. Kitanda siku 14 kwa 15,000, yaani 210,000. Vipimo 185,000. Dawa na vifaa tiba 420,000. Jumla 2,365,000.

Sasa toeni daftari la wa hospitali. Kitanda: ameingia tarehe 3 na kuruhusiwa tarehe 14, ni siku 11, lakini bili imehesabu 14 kwa sababu aliendelea kuonekana wodini akisubiri fedha. Hizo tatu ni 45,000. Dawa: kuna sindano mlizonunua duka la nje na risiti mnayo, lakini zimeandikwa kana kwamba zimetoka kwenye duka la hospitali; 96,000. Vipimo: eksirei ya pili iliandikwa, mashine ikawa mbovu, haikupigwa, 25,000. Jumla ya kuhojiwa ni 166,000, na bili inashuka hadi 2,199,000.

Kosa la siku za kitanda ndilo la kawaida kuliko yote, na lina ubishi wake. Zipo hospitali zinazohesabu hadi siku mgonjwa anapotoka getini. Ndiyo maana tarehe na saa ya daktari kuandika "aruhusiwe" inafaa kunakiliwa daftarini siku hiyo hiyo. Nendeni kwa mhasibu mkiwa na daftari na risiti, asubuhi, watu wawili. Kelele za ndugu wanane dirishani hazijawahi kufuta mstari hata mmoja.

Familia ilitanguliza 500,000. Hakikisheni zimeonekana kwenye bili. Fedha ya kutanguliza iliyolipwa usiku wa dharura hupotea kwenye mfumo kwa kuwa iliingizwa kwa jina lililokosewa. Zikitoka hizo, zikitoka na 300,000 ambazo tuseme ustawi wa jamii wamezifuta, kinabaki 1,399,000.

Kiasi cha kuomba

Ongezeni yale ambayo bili haiyataji. Magongo 60,000, gari la kumrudisha nyumbani 80,000, kliniki tatu za marudio kwa 40,000 kila moja. Hiyo ni 260,000. Lengo la mchango linakuwa 1,659,000.

Kabla ya kulitangaza, lipimeni. Watano wa 100,000, kumi na wawili wa 50,000, kumi na wanane wa 20,000, na ishirini wa 10,000 wanatoa 1,660,000. Ni watu 55. Kaeni na orodha ya majina mwone kama hao watano wa laki mnao kweli. Msipokuwa nao, lengo halitafikiwa kwa kuongeza watu wa elfu kumi, na ni afadhali kwenda mapema kwa mhasibu kuzungumzia kulipa kwa awamu. Hao wa laki wapigiwe simu kabla ya tangazo kutoka. Orodha inayoanza na laki mbili tatu inawapa wengine kipimo. Ikianza na elfu tano, hata mwenye laki atatoa kumi.

Tangazo

"Ndugu zangu, mwenzetu J. wa kitengo cha stoo amelazwa hospitali ya rufaa ya mkoa tangu tarehe 3, amefanyiwa upasuaji wa mguu, anaendelea vizuri. Bili iliyohakikiwa ni 2,199,000. Familia imelipa 500,000, hospitali imepunguza 300,000. Imebaki 1,399,000, pamoja na 260,000 za magongo, usafiri na kliniki. Tunatafuta 1,659,000. Mwisho ni Ijumaa tarehe 19 saa 12 jioni. Namba ni moja tu, hii hapa chini, na jina litakalotokea ni la mweka hazina wetu. Likitokea jina jingine usitume. Risiti za hospitali zitawekwa hapa. Ikibaki ziada, itaenda kwenye kliniki zake."

Mstari wa jina litakalotokea msiuache. Matapeli huchukua tangazo, hubadili namba, na kulisambaza kwenye makundi mengine likiwa na picha ile ile. Kwa sababu hiyo hiyo, picha ya mgonjwa haina faida inayolingana na hasara yake. Sentensi ya ziada nayo iwemo tangu mwanzo. Ikiandikwa baada ya fedha kubaki, inakuwa mjadala.

Wenye ndugu Muscat, London au Minneapolis wawape tarehe ya mwisho ya mapema kwa siku mbili. Fedha ya nje huchelewa kwa uhakiki, na jina la mpokeaji likikosewa herufi moja inarudi ilikotoka.

Orodha, ahadi na ya kutolea

Ile orodha ya kunakili na kubandika kundini, kila mtu akiongeza jina lake, ndiyo inayozaa lawama nyingi. Mama Zawadi ananakili saa 2:10, Baba Neema naye ananakili saa 2:10, kila mmoja anaongeza jina lake na kubandika. Orodha ya pili imemfuta Mama Zawadi. Yeye anaona ametoa 50,000 na hatambuliwi, ananuna, wala hasemi. Orodha iandikwe na mweka hazina peke yake, mara mbili kwa siku, kwa mfano saa 7 mchana na saa 3 usiku. Wengine watume fedha tu.

Jina liandikwe baada ya salio kuongezeka, isiwe baada ya kuonyeshwa picha ya muamala. Picha hutengenezwa, na wakati mwingine ni ya kweli ila fedha ilikwenda kwa namba iliyokosewa tarakimu. Ahadi zikae safu yake, na msizijumlishe na fedha. Hospitali haipokei ahadi. Mkipanga kana kwamba nusu ya ahadi ndiyo itakayoingia, mtajisumbua kidogo na pengine mtafurahi.

Ombeni watu waweke na ya kutolea, yaani ada ya kuitoa fedha kwa wakala, au tumieni lipa namba ya kikundi au akaunti ya benki. M-Koba, huduma ya Vodacom iliyoanzishwa 2019 kwa ajili ya vikundi, ina faida kwamba mtu mmoja hawezi kuchomoa fedha bila wenzake kuidhinisha, na wanachama huona kinachoingia.

Kulipa hospitali

Fedha isipelekwe mkononi. Hospitali za serikali hutoa namba ya kumbukumbu ya malipo, ambayo mtaani huitwa kontroo namba: tarakimu 12, kwa kawaida zinaanza na 99. Hulipwa benki, kwa wakala au kwenye simu kupitia menyu ya malipo ya serikali. Kabla ya kuweka namba ya siri, someni jina la taasisi linalotokea.

Mambo mawili huwakwamisha watu hapa. Kwanza, namba nyingi hupokea kiasi kamili kilichoandikwa. Ukituma pungufu, muamala unakataliwa. Kwa hiyo kama mna 600,000 leo, mwombeni mhasibu atoe namba ya 600,000, na nyingine baadaye. Pili, namba huisha muda wake, basi iombwe siku ya kulipa. Mchangaji mkubwa anayetaka kulipa mwenyewe hospitali moja kwa moja aombewe namba yake. Risiti itatoka, na mweka hazina atamwandika kama wengine.

Mtu akikudai fedha pembeni ili "mambo yaende haraka", ombeni namba ya malipo. Huduma halali ina namba.

Kisichotosha kinajadiliwa kwa mhasibu au katibu wa hospitali: hati ya makubaliano ya kulipa kwa awamu, mdhamini mwenye kitambulisho cha NIDA na barua ya mwajiri au ya mtendaji, na kiasi cha mwezi mnachokiweza. Kama mgonjwa amefariki, familia ijue kwamba Wizara ya Afya imeshaelekeza mara kadhaa kwamba maiti zisizuiwe kwa sababu ya deni. Deni linaandikishwa na kufuatiliwa kwa makubaliano. Msemaji wa kamati ndiye azungumze na uongozi, ndugu wa karibu waachwe waomboleze.

Wasio na fedha

Damu haiuzwi, lakini wodi nyingi huwaomba ndugu walete watu wa kuchangia ili akiba irudi. Mchangiaji awe na miaka 18 hadi 65 na uzito usiopungua kilo 50. Mwanamume huchangia kila baada ya miezi mitatu, mwanamke minne. Ale na anywe maji kabla. Watu wanne wanaofika asubuhi na kitambulisho huondoa ahirisho la upasuaji, na kila siku ya ahirisho ni siku nyingine ya kitanda kwenye bili.

Zamu za chakula na za kulala hospitali nazo ziandikwe. Bila zamu, Jumamosi sufuria tano za ndizi zinafika kwa wakati mmoja, na Jumanne mgonjwa anakunywa uji wa kununua.

Mfuko wa kudumu

Kikundi cha watu 30 wanaotoa 5,000 kwa mwezi kinapata 150,000. Kwa mwaka 1,800,000. Hiyo hailipi upasuaji mkubwa, ila inatosha kuwa fedha ya kutanguliza usiku wa manane, na hapo ndipo watu hukopa kwa riba za kuumiza. Matumizi mengine mazuri ni kuwalipia bima wanachama ambao kadi zao zinakaribia kuisha, kisha warudishe kidogo kidogo.

Andikeni kwenye katiba nani anahusika (mwanachama, mwenza, watoto, na kama wazazi wamo), miezi mitatu ya kusubiri kwa mgeni, na kwamba mgonjwa mmoja asichukue zaidi ya theluthi ya salio. Kipengele cha kusubiri huonekana cha ukatili hadi siku anapojiunga mtu ambaye tayari amepangiwa upasuaji wiki ijayo. NHIF yenyewe, mfuko wa taifa wa bima ya afya, iliposimamisha kumsajili mtoto mmoja mmoja kwenye Toto Afya Kadi, bima yake ya watoto, mwaka 2023, sababu iliyotajwa ilikuwa hiyo hiyo: wazazi walikuwa wakiwakatia kadi walio wagonjwa tayari. Wagonjwa peke yao hawawezi kuchangiana.

Mkianza kukopeshana fedha za mfuko, Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inawataka msajiliwe kupitia halmashauri. Aanzie kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata mtu mmoja mwenye katiba, muhtasari wa kikao kilichounda kikundi, na orodha ya wanachama yenye sahihi zao.